Kukamua kabla mtoto hajafika: vidole, pampu, dawa, au kumngoja mtoto mwenyewe

Mwaka ule nyumbani kwetu tulikuwa wanawake wawili tunaongoja watoto. Mdogo wangu alikuwa na mimba ya miezi minane, na vipimo vilikuwa vimeonyesha kisukari cha mimba. Mimi sikuwa na mimba wala sijawahi kubeba; nilikuwa nimekubaliwa kuasili mtoto aliyetarajiwa kuzaliwa baada ya wiki 9 hivi. Sote wawili tuliambiwa maneno yale yale, "anza kukamua mapema," tukadhani tumeambiwa jambo moja. Tulikuwa tumeshapanga kuchangia pampu moja ya umeme. Mkunga wa mdogo wangu ndiye aliyetuzuia. "Wewe dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, unayo tayari, dada yako hana kitu bado," alimwambia. "Mashine inayomfaa yeye, wewe inaweza kukuletea uchungu kabla ya siku."

Tangu hapo nimeulizwa mara nyingi pampu ipi ni bora, na kila mara hurudisha maswali mengine kwanza. Una mimba au huna? Umewahi kunyonyesha? Wiki ngapi zimebaki? Na kwa siku, usiku ukiwamo, ni mara ngapi unaweza kweli kukaa chini ukakamua? Pampu ije baada ya hayo.

Mwenye mimba na asiye nayo

Mwenye mimba hatafuti maziwa, anayo. Kuanzia katikati ya mimba, estrojeni, projesteroni na homoni za kondo la nyuma huwa zimeshakuza mirija na vifuko vya maziwa, na dang'a imeanza kutengenezwa. Kinachofunga mlango ni projesteroni iliyo juu. Kondo likitoka, projesteroni hushuka ghafla, prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, hubaki bila wa kuizuia, na kati ya siku ya 2 na ya 4 matiti hujaa. Kwa hiyo anayekamua akiwa bado mjamzito hajengi wingi wa maziwa. Anakusanya matone ya dang'a ya kuanzia, na anajifunza kukamua kabla hajawa na mtoto anayelia mapajani.

Asiye na mimba hana mlango wa kufungua, maana nyumba yenyewe haijajengwa. Lazima aushawishi mwili. Kuvutwavuta kwa chuchu huifanya tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo itoe prolaktini, na kuliondolea titi kilichomo, hata kikiwa tone moja, huliambia lisipunguze kazi, kwa sababu titi linaloachwa limejaa huanza kujizuia lenyewe. Hayo mawili hufanyika tena na tena kwa wiki nyingi, na mwanzoni hakuna cha kuonekana.

Kuna na mwanamke wa tatu: aliyewahi kuzaa na kunyonyesha, hata kama ni miaka mingi iliyopita, na sasa anaasili au mtoto wake anabebwa na mwanamke mwingine. Vifuko vyake vilishakua mara moja. Kwa kawaida huyu huona maziwa mapema kuliko nilivyoyaona mimi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 1998 chapisho zima kuhusu kurudisha maziwa yaliyokwisha kukatika, na linafaa kusomwa na kila anayewahudumia akina mama wa namna hii. Ninachoomba tu ni kwamba wewe ambaye hujawahi kubeba mimba usijipime kwa mililita zake.

Ukiwa na mimba: vidole

Hapa sisiti. Kati ya vidole na pampu, mjamzito atumie vidole.

Sababu ya kwanza ni dang'a yenyewe. Ni nzito, hunata, na ni chache. Ukikamua mililita 2 kwa pampu, sehemu yake hubaki imenata kwenye kikombe cha pampu na kwenye vali, na ukiisuza umeimwaga. Kwa vidole, tone hutoka kwenye chuchu na kufyonzwa moja kwa moja na sirinji ndogo ya mililita 1 isiyo na sindano. Mililita 2 si chache kwa mtoto aliyezaliwa leo. Siku ya kwanza mtoto hunyonya mililita 2 hadi 10 tu kila mara.

Sababu ya pili ni kizazi. Kuvutwa kwa chuchu hutoa oksitosini, homoni ile ile inayokaza kizazi wakati wa uchungu. Vidole kwa dakika chache ni mvuto mdogo. Pampu ya umeme pande zote mbili kwa dakika 20, mara nyingi kwa siku, ni jambo jingine, na wapo wakunga wanaoitumia kwa makusudi kuanzisha uchungu kwa mwanamke aliyetimiza miezi yake.

Utafiti mkubwa wa Australia uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la The Lancet uliwafuata wanawake zaidi ya 600 wenye kisukari ambao mimba zao hazikuwa na hatari nyingine. Kundi moja lilikamua kwa mkono mara 2 kwa siku kuanzia wiki ya 36, dakika zisizozidi 10 kila mara. Watoto wa kundi hilo hawakupelekwa wodi ya uangalizi maalumu zaidi ya watoto wa wenzao wasiokamua. Ndicho kipimo alichopewa mdogo wangu, hakuna zaidi: mara mbili, dakika kumi, baada ya wiki ya 36. Faida kwake ilikuwa dhahiri, kwa sababu mtoto wa mama mwenye kisukari anaweza kushuka sukari saa chache baada ya kuzaliwa, na dang'a iliyo tayari kwenye sirinji humfikia hata kama bado hajajua kushika titi.

Namna yenyewe ni hii. Nawa mikono, weka kitambaa cha uvuguvugu juu ya titi, lisugue taratibu kuelekea chuchu. Weka dole gumba juu na kidole cha shahada chini, sentimita 2 hadi 3 nyuma ya chuchu, mkono ukiwa umejikunja kama herufi C. Sukuma kwanza kuelekea kifuani, kisha kutanisha vidole, kisha achia. Usiviburuze juu ya ngozi wala usiifinye chuchu. Tone likikoma, hamisha vidole upande mwingine wa duara. Mdogo wangu siku tatu za mwanzo aliona mng'ao tu kwenye chuchu. Wiki ya pili alikuwa anajaza robo ya sirinji. Alikwenda kujifungua na sirinji 14 zilizoganda, kila moja ikiwa na jina lake na tarehe.

Wapo wasiopaswa kujaribu kabisa: aliyewahi kuzaa kabla ya wakati au anayeonyesha dalili zake, aliyeshonwa shingo ya kizazi au ambaye shingo yake ni fupi, mwenye kondo lililokaa chini, anayetokwa na damu, mwenye mimba ya mapacha. Hata aliyeruhusiwa, tumbo likianza kukaza kwa mpangilio, aache na ampigie mkunga. Na asiyepata hata tone asikate tamaa. Kutotoka kwa dang'a kabla ya kuzaa hakusemi lolote juu ya maziwa yatakayokuja baadaye.

Usipokuwa na mimba: njia tatu

Huku ndiko uchaguzi unapokuwa mgumu, na ndiko nilikopoteza usingizi.

Njia ya kwanza ni kuuigizia mwili mimba kwa dawa. Utaratibu unaojulikana zaidi ulitungwa Kanada na daktari Jack Newman pamoja na Lenore Goldfarb, ambaye mwanawe mwenyewe alibebwa na mwanamke mwingine. Mwanamke humeza kila siku, bila kukatiza kwa ajili ya hedhi, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni na projestini (inayofanya kazi kama projesteroni), pamoja na domperidoni, dawa ya kichefuchefu ambayo pia hupandisha prolaktini. Zikibaki wiki 6 hivi mtoto afike, vidonge husimamishwa, domperidoni huendelea, na kukamua huanza. Mwili unaona projesteroni imeporomoka na prolaktini iko juu, kama vile umejifungua. Muda unaopendekezwa kwa utaratibu kamili ni kama miezi 6. Kuna na mfupi kwa aliyepewa taarifa kwa kuchelewa.

Faida yake ni kwamba titi hukua kwanza, kisha ndipo likamuliwe, na wengi wanaofuata utaratibu mzima huanza kukamua wakiwa tayari na kitu cha kukamua. Gharama yake kwa mwili nayo ni lazima itajwe wazi. Estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda. Haimfai aliyewahi kuganda damu, aliyeugua saratani ya matiti, mwenye shinikizo la juu la damu, mvuta sigara aliyepita miaka 35, au mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni. Domperidoni inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, hasa kwa mwenye moyo wenye hitilafu au anayemeza dawa nyingine zinazogongana nayo, kama eritromaisini na ketokonazo. Marekani haijaidhinishwa, na mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya huko ilionya isitumiwe kuongeza maziwa. Ulaya, tangu mwaka 2014, imebanwa kwenye kichefuchefu na kutapika tu, kwa dozi ndogo na siku chache. Dozi za kuanzisha maziwa huvuka kipimo hicho kwa mbali. Tena haiachwi ghafla. Wapo waliopatwa na wasiwasi mkubwa na kukosa usingizi walipoikata siku moja. Hupunguzwa kidogo kidogo.

Sisemi dawa hizi ni mbaya. Wanawake wamezitumia chini ya uangalizi wakanyonyesha kwa furaha. Ninachokipinga kwa nguvu zangu zote ni kuzinunua na kujipangia mwenyewe. Upimwe presha, moyo usikilizwe na kupigwa kipimo cha umeme, na daktari ajue kila dawa nyingine unayomeza. Metoklopramidi, ambayo watu huichukua kama mbadala, ina mashaka yake: inaweza kuleta sonona na kuchezacheza kwa misuli kusikozuilika. Ikiwa umewahi kuugua sonona, sema kabla hujaandikiwa.

Njia ya pili ni kukamua tu, bila dawa. Ndiyo niliyoifuata, kwa sababu nina kipandauso cha vimulimuli na daktari alikataa katakata kunipa estrojeni. Njia hii haina hatari ya kuzungumzia zaidi ya chuchu kuchubuka na mtu kuchoka, lakini inadai mengi. Titi halijaandaliwa na chochote. Unaliamsha kwa kulisumbua. Wiki ya kwanza nilikuwa nakamua dakika 5 mara 4 kwa siku kwenye nguvu ya chini kabisa, nikaongeza hadi nikafika mara 8 kwa siku, dakika 15 kila mara. Siku 18 chupa ilikuwa kavu. Siku ya 19 likatoka tone moja la maji maji lenye weupe hafifu, nikakaa nikilitazama hadi likakauka kwenye kikombe. Wiki ya 4 yalikuwa maziwa meupe ya kujaza kifuniko. Mtoto alipofika nilikuwa napata mililita 90 kwa siku nzima.

Njia ya tatu ni kutokamua kabisa, kumngoja mtoto, kisha kumweka titini na mrija mwembamba uliobandikwa kando ya chuchu. Mrija unatoka kwenye chombo chenye maziwa ya kopo au maziwa ya mama mwingine yaliyohifadhiwa na kupimwa. Mtoto ananyonya titi, tumbo linashiba kwa kilichomo kwenye chombo, na kinywa chake chenyewe ndicho kinachoamsha maziwa. Kinywa cha mtoto mwenye afya, anayeshika vizuri, kinalifikia titi kwa namna ambayo mashine haiigi kikamilifu, na kumgusa na kumnusa mtoto kunasaidia maziwa kushuka.

Kama ni hivyo, kwa nini mtu ajisumbue kukamua miezi miwili? Kwa sababu ya uvumilivu wa mtoto. Mtoto wa siku mbili hushika titi hata likiwa tupu mradi mrija unatiririsha. Mtoto wa miezi minne aliyezoea chupa anaweza kulisukuma titi kwa mikono miwili na kulia. Akikuta matone ya kwanza yapo pale kabla hata mrija haujafunguliwa, ana sababu ya kubaki. Ukijua atakuja mchanga kabisa na unaweza kuwa naye ngozi kwa ngozi mchana na usiku, njia ya tatu peke yake ni chaguo la heshima. Ukijua atakuja akiwa mkubwa kidogo, au tarehe haijulikani, anza kukamua.

Jambo moja linahusu njia zote tatu. Mjamzito hupimwa virusi vya Ukimwi na homa ya ini katika kliniki. Asiye na mimba hakuna anayemkumbusha. Pima kabla hujaanza, na upime mapema ili majibu yasikukute mtoto ameshafika.

Vidole, pampu ya mkono, pampu ya umeme

Kwa asiye na mimba, vidole ni msaidizi mzuri lakini si vya kutegemea peke yake. Mara 8 kwa siku kwa wiki 8 ni mikamuo zaidi ya 400, na kila titi linadai zamu yake. Nilijaribu siku tatu.

Pampu ya mkono, ile unayoiminya kwa kishikio, ni nyepesi, haihitaji umeme, haina kelele, na unaipanga kasi kwa kiganja chako mwenyewe. Kwa mama ambaye maziwa yameshatoka na anataka kukamua mara moja au mbili kwa siku, inatosha kabisa. Kwa kuanzisha maziwa kutoka patupu, haikunifaa. Inakamua titi moja kwa wakati, kwa hiyo dakika 15 zinakuwa 30, na mwisho wa wiki ya pili kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimevimba. Nilianza kuruka mikamuo. Nikaamini mwili wangu umegoma kumbe mkono ndio uliogoma.

Pampu ya umeme ya pande mbili ndiyo niliyomalizia nayo, na ndiyo ninayoipendekeza kwa yeyote anayeanza bila mimba. Inakamua matiti yote mawili pamoja, inaacha mikono yako huru ukivaa sidiria yenye matundu, na huanza kwa mvuto wa haraka mwepesi kama mtoto anayeita maziwa, kisha hugeuka kuwa mvuto wa polepole na mzito. Zile kubwa za hospitali, zilizotengenezwa kutumiwa na wanawake wengi, zina injini imara zaidi inayostahimili kazi ya mchana na usiku. Ukiweza kuazima au kukodi moja kwa miezi hiyo miwili, fanya hivyo badala ya kununua ndogo ya kwako. Kila mtumiaji awe na vikombe, mirija na chupa zake. Pampu ndogo ya mtu binafsi isirithiwe, kwa sababu kwa nyingi kati ya hizo maziwa yanaweza kupenya hadi kwenye injini, mahali pasipooshwa.

Kikombe kinachokaa juu ya chuchu kina uzito kuliko jina la pampu. Chuchu inatakiwa itembee huru ndani ya shingo ya kikombe, bila kusuguana na kuta na bila kuvuta ngozi nyeusi inayoizunguka iingie nayo kwa wingi. Kikombe kinachokuja ndani ya boksi hakimfai kila mtu. Changu kilikuwa kikubwa. Nilichubuka, nikapandisha nguvu nikidhani tatizo ni nguvu, nikachubuka zaidi. Nilipobadili ukubwa maumivu yalikwisha siku ile ile. Nguvu sahihi ni ya juu kabisa ambayo bado haiumi. Kuumia huzuia oksitosini, na bila oksitosini hata maziwa yaliyopo hayashuki. Vali ndogo za silikoni nazo huchakaa, na ikilegea pampu hupoteza mvuto bila wewe kujua.

Kisha rudisha vidole kazini. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya akina mama waliojifungua kabla ya wakati: waliokanda na kubinya matiti wakati pampu ikifanya kazi, na kumalizia kwa mkono, waliongeza maziwa kwa karibu nusu. Hao walikuwa wamejifungua, mimi sikuwa. Hata hivyo nilipoanza kufanya hivyo ndipo chupa yangu ilipoacha kuwa ya matone.

Mkamuo mmoja uwe wa usiku wa manane, kati ya saa 7 na saa 11, kwa kuwa prolaktini hupanda zaidi usiku. Huu ndio niliouchukia kuliko yote. Ukishindwa wote mara 8, punguza wa mchana kwanza, huu wa usiku uache ubaki.

Ukitazama wiki zilizobaki

Ukiwa na miezi 4 au zaidi na daktari ameridhika na moyo, presha na damu yako, njia ya dawa ikifuatiwa na pampu ya umeme ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kukupa maziwa mengi. Usianze kukamua tangu siku ya kwanza. Kazi ya miezi ile ni kulikuza titi, na kukamua huanza vidonge vikisimama.

Ukiwa na wiki 6 hadi 10, kama nilivyokuwa mimi, kukamua bila dawa kunawezekana na huleta matone hadi makumi kadhaa ya mililita kwa siku. Aliyewahi kunyonyesha anaweza kupita hapo. Anayetaka dawa kwa muda huu mfupi ajue anavumilia athari zile zile kwa matarajio madogo zaidi.

Zikibaki chini ya wiki 4, mimi ningejifunza mrija. Ningekamua mara chache kwa siku ili chuchu izoee kuvutwa na mikono izoee kazi, na nguvu nyingine zote ningeziweka kwenye kujua namna ya kumshikisha mtoto titi na kuubandika mrija bila kugombana nao saa 9 usiku.

Kwa njia yoyote, jua mapema kipimo cha mtoto. Anayenyonya maziwa ya mama peke yake, akiwa kati ya mwezi 1 na miezi 6, hunywa takribani mililita 750 hadi 800 kwa siku. Wengi wanaoanzisha maziwa bila mimba hawafiki huko, wakiwa na dawa au bila. Mtoto wangu alipata kwangu sehemu ndogo ya chakula chake, na alikinyonya titini kwangu. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1981 juu ya wanawake 240 walionyonyesha watoto wa kuasili ulikuta kwamba wengi walithamini ukaribu na mtoto kuliko kiasi cha maziwa. Nami nathibitisha kwa mtoto mmoja. Ila kama moyo wako utavunjika usipofika mililita 750, jiulize hilo kabla ya kumeza kidonge cha kwanza.

Kuhifadhi, na siku mtoto anapofika

Maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi hukaa saa 4 kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25, siku 4 kwenye friji, na miezi 6 kwenye friza bila kupungua ubora sana. Yakiyeyushwa ndani ya friji yatumike ndani ya saa 24, yasigandishwe tena. Yapashwe kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, si kwenye maikrowevu, ambayo huyachoma upande mmoja na kuuacha mwingine baridi. Dang'a ya mjamzito aliyekamua asubuhi na jioni inaweza kukaa kwenye friji na kuunganishwa jioni, kisha ikagandishwe. Kwa asiye na mimba akiba huwa ndogo. Yangu yote ilienea kwenye mifuko 11.

Usiitumie akiba hiyo kama kipimo cha kupunguza maziwa ya kopo. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu nilikaribia kukosea: wiki ya pili na mtoto, nikiwa nimelewa furaha ya kumwona akimeza, nilipunguza kilichomo kwenye chombo cha mrija kwa kukisia. Muuguzi alimpima, uzito ulikuwa umesimama. Tukarudisha kiasi chote siku hiyo. Kuanzia hapo tulifuata mizani yake, si chupa yangu: uzito kila wiki, nepi zilizolowa vizuri 6 au zaidi kwa saa 24, choo, na uchangamfu wake akiamka. Mizani ikipanda vizuri, tulitoa mililita chache kutoka kwenye chombo, tukangoja siku kadhaa, tukapima tena.

Pampu sikuirudisha siku mtoto alipofika. Kwa mwezi mzima nilimnyonyesha kwanza, kisha nikakamua dakika 10 baada ya baadhi ya minyonyo, na kilichotoka kiliingia kwenye chombo cha mrija cha mnyonyo uliofuata.